KAZI ZA MIKONO: Mtumbwi Wenye Kiu na Mtumbwi Wenye Jeraha

Seremala aliyezoea kutengeneza vitanda na milango hudhani ya kuwa mtumbwi ni sanduku refu lililochongoka ncha mbili. Kwa kuutazama tu hakosei sana. Lakini kitanda hukaa chumbani pakavu tangu siku kinunuliwapo mpaka siku kivunjikapo, na kasoro zake humsumbua yule alalaye juu yake peke yake. Mtumbwi huloweshwa alfajiri, hukaushwa na jua la adhuhuri, huburutwa juu ya changarawe jioni, na kasoro zake huwapata watu ambao hawakuwapo ulipokuwa ukiundwa. Kwa hiyo fundi mwema wa vitanda aweza kuwa mwanafunzi kabisa siku aanzapo kazi ya mtumbwi, na jambo hilo si aibu. Aibu ni kuficha kosa kwa rangi.

Kazi hii ina maana kubwa katika sehemu za Garissa. Mto Tana, ambao ni mrefu kuliko mito yote ya Kenya, urefu wake ukiwa kama kilomita 1,000, hupita kando ya mji huo. Garissa iko ukingo wa mashariki, na Madogo iko ng'ambo. Daraja liko, na magari hupita. Lakini mashamba ya ndizi, maembe, nyanya na matikiti yametawanyika kandokando ya mto, juu na chini, na mwenye shamba ng'ambo ya pili hawezi kila siku kuzunguka mpaka darajani na mikungu yake. Tangu zamani watu wa mtoni, yaani Wapokomo, Wailwana ambao pia huitwa Wamalakote, na Wamunyoyaya, walivuka kwa mitumbwi ya gogo moja iliyochongwa kwa tezo. Miti minene ya kutosha, kama mkuyu na mwembe mkongwe, haipatikani tena kwa urahisi, na msitu wa kando ya mto si wa kukatwa ovyo. Ndipo mtu anapozitazama mbao za saiprasi zinazoletwa kwa lori kutoka nchi za juu, akasema moyoni mwake, kwa nini usiundwe wa mbao?

Tena mto huu una tabia ya kutoka mahali pake. Mafuriko ya mwaka 1961 wazee wanayataja hata leo; yakafuata yale ya 1997 mpaka 1998, ya 2018, ya mwisho wa 2023, na ya 2024. Maji yakatapo barabara kati ya Garissa na Madogo, chombo cha kuvukia huwa ndicho barabara yenyewe. Tarehe 28 Aprili 2024 mashua iliyokuwa ikivusha watu katika maji ya mafuriko ilipinduka huko Kona Punda, Mororo, na watu wakafa. Baada ya siku ile hakuna mtu katika kingo hizi mbili ambaye yampasa kuelezwa kwamba chombo cha majini si mchezo.

Basi na uchukuliwe mfano wa seremala mmoja, kijana hodari, mwenye randa nzuri na msumeno mkali, ambaye amekusudia kuunda mtumbwi wa mbao wa urefu wa mita 5 ili avushe ndizi za baba yake. Makosa atakayoyafanya ni yale yafanywayo na karibu kila mtu anayeanza.

La kwanza hulifanya kabla hajapigilia msumari hata mmoja. Mtumbwi wa mbao hupata umbo lake kwa kalibu, yaani vipande vya mbao vilivyokatwa kwa umbo la tumbo la mtumbwi, kile cha katikati kikiwa kipana, na vingine vikizidi kuwa vyembamba kuelekea ncha mbili. Kalibu hizo husimamishwa juu ya boriti moja ndefu iliyonyooka. Kijana wetu huziweka chini ya mti, juu ya mchanga, akafumba jicho moja na kusema ya kuwa zimenyooka. Ukingo wa mto huteremka, na jicho hulifuata teremko bila ya mwenyewe kujua. Akimaliza, mtumbwi wake umejisokota kama kamba: ncha moja yatazama kulia kidogo, na ubavu mmoja uko juu kuliko mwenziwe. Mtumbwi kama huo husukumwa kwenda mbele, nao hutaka kwenda kushoto, na mpiga kafi huchoka mkono mmoja siku zote.

Dawa yake ni uzi, timazi na pima maji, vitu ambavyo seremala anavyo tayari sandukuni mwake. Uzi hufungwa kutoka ncha mpaka ncha juu ya mstari wa katikati. Kila kalibu hupimwa kwa timazi, na isiyosimama sawasawa hutiwa kabari chini mpaka isimame. Kazi hii huchukua asubuhi nzima na haionekani kuwa kazi, ndiyo maana watu huiruka. Ikiwa mbao zimekwisha kupigiliwa ndipo kosa likaonekana, mtumbwi haunyooki kwa kukaliwa wala kwa kulazwa mawe. Msokoto mdogo waweza kuvumiliwa, na mkuku ukipigiliwa chini kwa kuufuata uzi, wala si kwa kuufuata upindo wa mbao, mtumbwi utashika njia yake vizuri zaidi. Lakini ubavu mmoja ukizidi wa pili kwa upana wa vidole vitatu, heri misumari ing'olewe na kazi ianze upya. Hasara ya misumari na siku mbili ni ndogo.

Wala kosa hili si la watu wa Tana peke yao. Huko Marekani na Kanada wako watu wengi waundao mitumbwi yao nyumbani kwa vipande vyembamba vya mbao, unene wake kama milimita 6 na upana wake kama sentimita 2, vikigandishwa ubavu kwa ubavu juu ya kalibu, kisha vikafunikwa nje na ndani kwa kitambaa cha nyuzi za kioo kilicholoweshwa gundi ya epoksi. Mtumbwi wa namna hiyo ni mwepesi hata mtu mmoja aweza kuuchukua begani. Wanaoanza kazi hiyo, walio na vyombo vya umeme na karakana yenye sakafu ya saruji, hukosea mahali pale pale: msingi haukunyooka, nao walikuwa na haraka ya kuona mbao ya kwanza ikikaa.

Baada ya kalibu huja mbao zenyewe. Lori likifika, mbao nyingine bado zina maji ndani yake, maana zimetoka nchi ya baridi na mvua. Garissa mvua ni chache na jua ni kali. Ubao mbichi ukiachwa juani siku tatu hukauka nje upesi kuliko ndani, nao hupasuka nchani na kujikunja kama ngozi ya mbuzi. Yafaa mbao zipangwe kivulini, zikiwa zimetenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite, na ncha zake zipakwe rangi ya zamani au mafuta mazito, kwa kuwa maji hutoka nchani upesi kuliko ubavuni. Mtu asiye na chombo cha kupimia ukavu aweza kutumia mizani ya dukani: apime kipande kimoja kila siku saa ile ile, na kitakapokoma kupungua uzito, mbao zimekauka kadiri hewa ya pale inavyoruhusu. Ubao uliokwisha kupasuka nchani usitupwe. Ukatwe mahali ufa unapoishia na kiganja kimoja zaidi, maana ufa huendelea ndani mbele ya pale unapoonekana.

Misumari ni habari fupi. Seremala wa vitanda hupiga msumari moja kwa moja. Katika mtumbwi tundu hutobolewa kwanza kwa keekee au kwa mashine, jembamba kuliko msumari wenyewe. Misumari haipangwi katika mstari mmoja wa nyuzi za mbao, bali mmoja juu na mmoja chini. Nayo iwe ile iliyopakwa zinki. Mafundi wa Lamu huzungushia pamba yenye mafuta chini ya kichwa cha msumari kabla ya kuupiga, ili maji yasifuate njia yake. Na mababu zao waliunda mitepe bila ya msumari hata mmoja, mbao zikishonwa kwa kamba za mnazi, navyo vyombo hivyo vilikwenda bahari kuu. Jambo ambalo yafaa likumbukwe na kijana anayefikiri ya kuwa kila kasoro hutibiwa kwa msumari mwingine.

Sasa yaja kosa ambalo limeharibu mitumbwi mingi kuliko mengine yote, nalo hufanyika siku ya furaha. Mtumbwi umekwisha, umepakwa rangi, ndugu wamekusanyika ukingoni. Kijana ausukuma majini, na kabla hajakaa sawasawa, maji yaanza kuingia katika kila mshono. Watu wacheka. Yeye auburuta nje kwa hasira, achukua pamba na patasi butu, na mchana ule ule ashindilia pamba katika kila mshono kwa nguvu zake zote, mpaka hapana nafasi ya kupitisha hata ukucha. Jioni autia tena majini, na hauvuji. Watu wamsifu. Siku ya nne mbao mbili zimefumuka kutoka katika mataruma, misumari imetoka nje kama meno, na maji yanaingia kwa mkono mzima.

Lililotokea ni hili. Ubao mkavu ukikaa majini hunywa maji na kuvimba kwa upana. Fundi mwenye ujuzi alijua hivyo, naye huacha nafasi ndogo kati ya ubao na ubao na kuijaza pamba kwa kiasi, ili mbao zinapovimba ziibane pamba na kujifunga zenyewe. Kijana alizijaza nafasi zote zikiwa kavu. Mbao zilipovimba hazikuwa na pahali pa kwenda, zikasukumana, na kilicho dhaifu kikashindwa. Na kilicho dhaifu huwa ni msumari au taruma. Yaani hakuuharibu mtumbwi kwa kuuunda vibaya. Aliuharibu kwa kuutengeneza.

Kama angalimwendea mzee wa mtoni kabla ya kushika patasi, mazungumzo yao yangalikuwa mafupi.

"Asalaam aleikum, Mzee."

"Waaleikum salaam, kijana wangu. Mbona umelowa?"

"Nimeunda mtumbwi, Mzee, nao wanywa maji kama ngamia."

"Ngamia akitoka malishoni siku kumi hajaona maji, akafika mtoni akanywa, wewe humfunga mdomo?"

"La, Mzee. Humwacha akashiba."

"Basi uache nao ushibe, halafu uje tuutazame."

Hapo ndipo penye elimu yote ya kazi hii: kujua mtumbwi wenye kiu na mtumbwi wenye jeraha. Wenye kiu huvuja katika mishono mingi kwa pamoja, kidogo kidogo, kama jasho, na kuvuja huko hupungua kila saa. Wenye jeraha huvuja mahali pamoja, maji yakija kama uzi au kama chemchemi ndogo, na hayapungui. Au huzidi mtu akanyagapo ubao fulani. Wa kwanza hautaki kitu ila subira. Wa pili hauponi kwa subira hata ya mwaka.

Namna ya kuupima ni rahisi. Mtumbwi hufungwa kwa kamba mbili mahali penye maji kidogo, yasiyokwenda kasi, palipo wazi ili mamba aonekane kabla hajakaribia, maana watu wengine hupeleka mitumbwi kulowa chini ya matete na kuingia humo magotini bila ya kutazama. Ndani yake hutiwa magunia yaliyoloweshwa, kwa sababu mbao zikinywa upande wa nje tu hujikunja. Kila asubuhi na kila jioni maji yakombwe yote, halafu baada ya saa moja yahesabiwe kwa kopo yale yaliyoingia, na hesabu iandikwe. Ikiwa siku ya kwanza makopo yalikuwa 60, siku ya pili 20, na siku ya tatu 5, huo ni mtumbwi unaoshiba. Ikiwa makopo ni 60, halafu 45, halafu 44 na 44, basi kiu imekwisha na jeraha limebaki. Mtu ajuaye kuandika ana faida hapa juu ya fundi aliye stadi kuliko yeye, kwa kuwa macho husahau maji ya jana.

Mtumbwi ungali majini, mahali pa jeraha hutiwa alama kwa mkaa upande wa ndani, ndipo utolewe. Usiachwe juani ukakauka kabisa, maana kiu itarudi na alama hazitakuwa na maana. Kivulini, siku moja au mbili, unatosha kufanyiwa kazi.

Jeraha la mshono mara nyingi ni kosa la randa. Mshono mwema hubana upande wa ndani na huwa wazi kidogo upande wa nje, kiasi cha unene wa sarafu mbili, ili pamba ishindiliwe ndani kama kabari. Anayeanza hupiga randa kinyume, mshono ukawa wazi ndani, na pamba ikishindiliwa hupita na kuangukia miguuni mwa abiria. Pamba zaidi haifai kitu hapa. Dawa ni kuondoa pamba yote, kupigilia ukanda mwembamba wa mbao upande wa ndani juu ya mshono ule, ukiwa umelazwa juu ya kitambaa chenye rangi nzito, ndipo kukalafati upya kutoka nje. Pamba isokotwe kama utambi, ishindiliwe kwa mapigo mepesi, na fundi aache pale sauti ya patasi inapogeuka kuwa kavu. Pwani hupaka juu yake deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa. Mafuta ya mnyama hayakosekani Garissa, mji wa soko kubwa la mifugo, na chokaa huuzwa. Lami ya barabarani, ambayo wengine huipenda kwa sababu haina bei, hulainika katika jua la Garissa, ikatoka mshononi na kushika nguo za watu.

Ufa katikati ya ubao una hila yake. Kabla ya jambo jingine lolote, tundu dogo hutobolewa pale ufa unapoishia, ncha zote mbili, ili usiendelee. Kisha matundu hayo huzibwa kwa vijiti vya mti mkavu. Kiraka huwekwa ndani, kirefu kupita ufa kwa kiganja kila upande, nyuzi zake zikielekea kama nyuzi za ubao, na ncha za misumari zikunjwe. Wako wanaopigilia kipande cha bati juu ya pamba na rangi, nacho chafaa kwa kufika nyumbani. Kisiachwe msimu mzima, maana chini ya bati ubao huoza na hauonekani.

Taruma lililovunjika haling'olewi. Pembeni yake huongezwa la pili, na yote mawili yakafungwa pamoja. Lakini afadhali kujua kwa nini lilivunjika: kijana alilikata kutoka katika ubao ulionyooka, na mahali palipopinda nyuzi za mti zikakatika. Taruma jema hutoka katika tawi lililopinda lenyewe, nyuzi zikiufuata upindo. Na kwa jambo hili watu wa Garissa wana mali ambayo huitukana kila siku. Mathenge, mti ulioletwa Kenya katika miaka ya 1970 na 1980 ili kuzuia jangwa, umefunga njia na malisho, umewachoma watu na wanyama kwa miiba yake, na hapana asemaye neno jema juu yake. Hata hivyo mbao zake ni ngumu, hazisinyai sana zikikauka, na matawi yake yamepinda kila namna. Fundi anayezunguka nusu saa kichakani na panga aweza kupata mataruma ya mtumbwi mzima, na mwenye malisho atamshukuru.

Rangi na gundi zina kosa lao, ambalo ni la saa. Watu hupaka asubuhi kwa sababu mkono bado una nguvu. Jua likipanda, hewa iliyo ndani ya mbao hupanuka na kutoka, ikaacha mapovu madogo juu ya rangi mbichi au gundi, na kila povu baadaye huwa tundu la maji. Yafaa kupaka alasiri, kivulini, wakati mbao zinapoanza kupoa, maana hapo ubao huivuta rangi badala ya kuitapika. Mwenye kutumia gundi ya epoksi achanganye kidogo kidogo na kuimwaga katika sinia pana. Ikiachwa nyingi ndani ya kopo katika joto la Garissa hujichemsha yenyewe, ikatoa moshi na kuganda kabla hajachovya brashi mara ya pili. Tena avae glavu. Penye mapovu yaliyokwisha kukauka hapana njia ya mkato: pasuguliwe kwa msasa mpaka mapovu yaishe, ndipo papakwe tena.

Mtumbwi ukiwa haunywi tena wala hauna jeraha, bado haujawa wa watu. Utiwe katika maji yaliyotulia, mtupu, na kutazamwa kutoka nyuma. Ukilala upande mmoja, kijana atatafuta jiwe la kuweka upande wa pili, na hilo ni kosa lenye hatari kuliko kuvuja, kwa kuwa mtumbwi ukiyumba jiwe huteleza kuelekea kule unakoanguka. Kama tofauti ni ndogo, upande mzito upunguzwe kwa randa pale juu, au upande mwepesi uongezewe ubao wa nje ya ukingo na kusawazishwa. Kama ni mwembamba mno na huyumba pande zote mbili, mbao mbili nene zipigiliwe nje kwa urefu, moja kila ubavu, karibu na mstari wa maji. Haupendezi tena. Lakini husimama.

Kisha upakiwe, na usipakiwe watu. Mtungi wa lita 20 uliojaa maji una uzito wa kilo 20 na kidogo zaidi. Mitungi mitatu na nusu ni kama mtu mzima mmoja. Kijana akitaka kujua kama mtumbwi wake wabeba watu watano, atie mitungi 17 au 18, iliyofungwa isiviringike, na kutazama nafasi iliyobaki kati ya maji na ukingo. Ikipungua shubiri moja, basi watu watano ni wengi, hata kama wote ni jamaa na wana haraka ya kufika sokoni. Alama ya mstari huo ichorwe kwa rangi nyeupe ubavuni. Uingereza, baada ya mbunge Samuel Plimsoll kupigania jambo hili kwa miaka, sheria ya mwaka 1876 iliamuru kila meli ya shehena iwe na alama kama hiyo, maana wenye meli walikuwa wakipakia mpaka zikazama na mabaharia wao. Mto Tana si bahari kuu, lakini mkungu wa ndizi hauna huruma zaidi ya gunia la makaa ya mawe.

Anayetaka kuvusha watu kwa nauli hapana budi afuate sheria ya Kenya. Mamlaka ya Bahari ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 2004, ndiyo yenye kusimamia usalama wa vyombo vya majini, vya baharini na vya bara, na majaketi ya kuokolea ni haki ya kila abiria. Aliyeandika hesabu yake ya makopo na ya mitungi atakuwa na la kumwonyesha mkaguzi.

Limebaki jambo moja la bei ndogo. Mtumbwi wa mbao ukijaa maji huelea kidogo tu, ukingo wake ukiwa sawa na maji, na hauwezi kuwachukua waliomo. Mtungi mtupu wa lita 20, uliofungwa barabara, huinua karibu kilo 20. Mitungi minne ikifungwa kwa kamba chini ya viti, miwili mbele na miwili nyuma, mtumbwi uliopinduka hubaki juu, na watu hupata kitu cha kushika mpaka wafikiwe. Kijana aifunge kwa mafundo magumu na kuandika juu ya kila mmoja kwa rangi ya kwamba usichukuliwe, kwa sababu siku ya kwanza nyumbani kukosapo chombo cha kutekea maji, mtu atakumbuka ya kuwa iko minne mizuri chini ya viti vya mtumbwi.